Mnauliza, Tunajibu: Chupa zenye sikukunywa ku fakture yangu, nilipe ao nikatae?

Mwezi huu barua nyingi zenye mulitutumia kutoka komini za Lubumbashi, Kampemba, Katuba, Kenya (komini ya kwetu, si inchi), na katikati ya muji zinaongea jambo moja, fakture ya bar. Tumechagua tano. Tunazijibu kwa urefu pale inafaa juu batu banapoteza makuta ya nyumba na ya masomo ya batoto paka kwa haya ya kuuliza, na hii inatuumiza kweli.

Jambo mukwayi. Mi ni baba wa familia ku Kampemba. Kisha kutoka ku matanga ya baba mukwe tulienda na bashemeki na barafiki kukunywa ku terasi moja ya Kamalondo, tulikuwa batu 6. Nilikuwa nahesabu mu kichwa, chupa 9, tuseme ata 10, na michopo ya mbuzi sahani 2. Saa ya kulipa serveze akaleta kikaratasi, chupa 16, michopo 3, na kalanga zenye hakuna mutu alizilomba. Nikakatala, akanionesha chupa tupu chini ya meza na kweli zilikuwa mingi. Bashemeki banaangalia. Nikalipa yote, ata makuta ya taxi nikakopa. Je, naweza kurudia nidai makuta yangu? Na pale pale niliweza kufanya nini? (Papa wa Kampemba)

Papa, pole kwa musiba na pole kwa ile usiku. Tuanze na zile chupa chini ya meza, juu njo zilikukata nguvu. Chupa tupu inaonesha kama kuko mutu alikunywa, haioneshe nani aliilomba wala nani anapashwa kuilipa. Siku ya posho (Jumamosi) ku Kamalondo meza hazikalake fasi moja, banaunganisha mbili, banatosha moja, batu banatoka na bengine banaikala, na chupa za bale ba kwanza zinabakia pale chini mpaka mutu apate nafasi ya kuzitosha. Kuko pia pahali kwenye inafanyika kwa makusudi, chupa ya meza ya pembeni inasukumwa na muguu pole pole, tunajua. Lakini usianzake na kumwita mutu mwizi, juu ukisha kusema ile neno hakuna mwenye atakusikiliza tena, itageuka kelele na fakture itabaki vile iko.

Inafaa ujue namna serveze anafanya kazi. Mu bar mingi za kwetu kila chupa yenye inatoka ku kontwari inaandikwa ku jina ya serveze, mu kaye ya mwenye kukaa ku kesi (kwenye banapokea makuta), na saa ya kufunga yeye njo anapashwa kuleta makuta ya chupa zote zenye alibeba. Meza ikikimbia, deni ni yake. Akisahau kuandika, ni yake. Kwa hiyo kuko kaye mbili, ile kidogo ya serveze na ile kubwa ya kontwari, na pale njo nguvu yako iko. Ungesimama bila kelele, uende mwenyewe ku kontwari, mbali na bashemeki, ulombe kaye mbili zisomwe pamoja, chupa kwa chupa, saa ya meza yenu kuanza mpaka mwisho. Mara mingi tu kosa inaonekana pale pale: meza 7 iliandikwa kwa meza 4, ao chupa 4 za batu benye balitoka mbele yenu hazikufungwa, ao serveze wa muchana alimwachia wa usiku deni na haikuelezwa muzuri. Saa ya kubadilishana kazi ni saa mubaya sana kwa fakture, kama uko ku meza wakati serveze mupya anaingia, lomba ile ya kwanza ifungwe, ulipe, kisha muanze ingine.

Kama kaye mbili zinasema 16 na weye unasema 10, hapo sasa ni sheria. Code civil ya kwetu, kitabu cha 3, dekre ya tarehe 30/07/1888, ya zamani sana lakini inafanya kazi mpaka leo, mu artikle 197 inasema mwenye kudai deni njo anapashwa kuihakikisha. Hauna lazima ya kuhakikisha kama haukukunywa, juu kintu chenye hakikufanyika utakihakikisha namna gani? Bar njo inapashwa kuonesha kama mulilomba. Artikle ile ile inaendelea upande ya pili: mwenye kusema alisha kulipa, naye anapashwa kuonesha malipo. Kwa hiyo karatasi inakusaidia weye pia, usitokake bila karatasi.

Na usikatale fakture nzima, hii batu bengi banaikosea. Ukisema "silipe kitu" weye njo unageuka mutu mwenye alikunywa na kukimbia, na haki yote inahamia kwao. Lipa chupa 10 na michopo 2, mbele ya mashahidi, balombe baandike ku karatasi kama ulilipa ile kiasi na kama zile 6 haukuzikubali, ao wewe mwenyewe andika na upige foto. Kalanga zenye hakuna mutu alilomba hazilipwe, kuweka kintu ku meza si kuuzisha, ila kama mulizikula, Papa, lipa tu, muliisha kuzikubali na mukono. Na kama mukubwa wa bar anataka kubeba telefone yako ao karte yako ya elektere kama rehani, mwambie pole pole kama hana ile haki, mupe jina yako na fasi unaishi, na kwamba kesho muko tayari kuonana kwa shefu wa kartye. Sikushauri kuenda kwa OPJ (ofisa wa polisi mwenye kupokea malalamiko) usiku juu ya chupa 6. Utaingia na fakture moja utoke na mbili.

Sasa kurudia kudai. Inawezekana lakini ni ngumu, juu ulilipa bila kuandika kama haukubali, na kulipa kunaonekana kama kukubali. Jaribu hivi: rudia asubui siku ya kazi, mbele baanze kuuzisha, wakati patron mwenyewe iko na kichwa baridi, na usiende na kundi. Mwambie fakture yenu ilikuwa na michopo 3 na mulikula 2, anza na ile, juu jiko pia iko na kaye yake na ya nyama ni rahisi kuona. Patron mwenye akili anajua batu 6 benye kurudia kila mwezi banaleta makuta kuzidi chupa 6. Kama ataona kosa, mara mingi hatarudisha makuta, atasema mukuje mukunywe za ile bei, na kwa maoni yetu pokea, ila siku ile ile, usiiache ikuwe ahadi.

Siku ingine, kila chupa ifunguliwe mbele yenu, ku meza, na vifuniko vibaki ku meza ndani ya glasi moja. Hii bazee ba Lubumbashi baliifanyaka zamani, kwanza kwa usalama (chupa yenye inafika yenye kufunguliwa haujue nini iko ndani), pili kwa hesabu. Saa ya fakture unahesabu vifuniko. Serveze akija na 16 na glasi iko na vifuniko 10, mazungumzo inakuwa fupi. Na mutu mumoja tu njo anaagiza, mwambie serveze toka mwanzo, "kwa hii meza ni mi peke yangu nalomba, mwengine akiita uje kwangu kwanza." Na bei uiulize mbele ya kukaa. Sheria ya tarehe 09/07/2018 juu ya bei na mashindano ya biashara inaomba bei ijulikane na munuzi, lakini ku terasi mingi ukuta ni mweupe, na ile bia ya Simba ya franka 4500 mu muchana inaweza kuwa 6000 orkestra ikisha kupanda.

Papa, ulisema bashemeki balikuwa banaangalia. Hii njo jambo yenye ilikulipisha, kuliko serveze, kuliko chupa. Tunaogopa baseme "angalia, mutu muzima anahesabu pombe", na bale benye kuandika fakture mubaya banaijua sana ile woga, njo maana fakture kubwa inakuja kila mara mbele ya batu ba kuheshimiwa: mukwe, patron wa kazi, bibi mupya. Kuhesabu chupa mbele ya shemeki si aibu hata kidogo. Shemeki mwenye atakucheka juu ulisoma fakture, ni yeye njo alipe siku ingine.

Mi na barafiki bangu 3, tulienda kukunywa sikri (soda) ku Bel-Air. Baba mumoja ku meza ya mbali akatuma chupa 4 kwetu, serveze akasema "yule papa njo anawapatia." Hatukulomba, lakini tulikunywa. Kisha saa 2 papa alitoka, na fakture yetu ikakuja na zile 4 ndani. Serveze anasema papa alisema "bataweka pamoja". Tulilipa juu tuliogopa. (Dada wa Bel-Air)

Dada, ile deni haikuwa yenu. Mwenye kulomba njo anapashwa kulipa, na serveze mwenyewe alisema kwa kinywa chake nani alilomba. Chupa ilisha kutolewa kama zawadi, haiwezi kugeuka deni juu mutoaji alitoka. Serveze alipashwa kumufungia hesabu mbele atoke mu lango, na kama hakumufungia ni kazi yake na ya mwenye bar, si yenu.

Siku ingine, chupa ya mutu wa mbali ikifika, muulize serveze mbele ifunguliwe: "amelipa?" Si "atalipa", amelipa. Kama hapana, aipeleke nyuma, arudie kwa papa, papa alipe kwanza, kisha muamue kama munaitaka. Kifuniko kikisha kutoka ni magumu kurudisha. Na ile swali inasaidia kwa jambo ingine pia, yenye munaijua kuliko sisi: kuko banaume benye banatuma chupa kisha banakuja kukaa ku meza yenu na kusema muko na deni yao ya shukrani. Chupa haileti deni yoyote, ya makuta ao ya mwili. Mukiona ile mutu haelewe neno hapana, iteni mukubwa wa bar, lipeni zenu, na mutoke pamoja bote 4, musiache mumoja nyuma kusubiri chenji.

Na kuko ndugu wa ile jambo, rafiki mwenye anapita ku kontwari anasema "andika kwa Papa fulani" na Papa fulani hajui. Tunaona familia zinagombana kwa ile. Kama uko na bar kwenye banakujua na unalipaka mwisho wa mwezi, mwambie patron leo, kwa mudomo na kwa mesaji ya WhatsApp, kama bon yako (kikaratasi ya deni) inaandikwa paka ukiwa pale mwenyewe na ukitia sinyature. Bila sinyature hakuna deni. Ni neno moja na inakuokolea mushahara.

Nilikuwa na bageni ba kazi ku bar ya hoteli moja ya katikati ya muji. Balilomba karte yangu ya banki baishike ku kontwari "ya garanti" mpaka mwisho. Fakture ilikuwa dola 140, nikalipa na karte ile ile, nikatia kode. Kesho yake naona ku telefone dola 140 na tena dola 200. Hoteli inasema ile 200 itarudia. Ni kweli? (Injenia wa kartye Golf)

Yaya, inaweza kuwa kweli, na inaweza kuwa si kweli, na ujue kutofautisha. Bar ikishika karte ya garanti, mashine inaweza kuuliza banki "huyu iko na dola 200?" na banki inazifunga pembeni bila kuzitosha. Ku telefone inaonekana kama makuta imetoka lakini haijatoka, iko tu imefungwa. Fakture ya kweli ikipita, ile ya kufungwa inapashwa kufunguliwa. Wakati mwengine inachukua siku kazaa, mara juma moja na zaidi, kufuatana na banki. Kwa hiyo fanya hivi leo: fungua aplikasyo ya banki ao lomba rileve (karatasi ya banki yenye kuonesha makuta yenye iliingia na kutoka), na uangalie ile 200 kama bado imeandikwa kwamba inangojea, ao kama imesha kupita kabisa. Ikiwa inangoja, subiri kidogo lakini lomba hoteli karatasi ya kufuta ile garanti, mashine inaitosha. Ikiwa imesha kupita, basi ni makuta imetoka kweli na "itarudia" si jibu.

Hapo enda ku banki yako, si ku hoteli tena. Beba fakture ya 140, kile kikaratasi cha mashine, na mesaji ya debi mbili. Ulomba kujaza fomu ya kukatala debi. Visa na Mastercard banakubalia banki kurudisha malipo ya mara mbili ao ya kiasi chenye si cha kweli, na kwa kawaida mwisho wa kulalamika ni siku 120 tangu malipo kupita, lakini usizitumie zote. Banki nayo iko na masiku yake mafupi mu kontra yenye ulitia sinyature, na ku hoteli video ya kamera inafutika. Enda juma hii. Lomba batie tampo ku kopi yako ya barua, bila tampo ni kama haukufika.

Jambo moja inafaa uielewe vizuri. Malipo yenye ulitia kode mwenyewe ni magumu kukatala kwa kusema "si mi", juu kode ni yako. Lakini weye hauseme si mi. Unasema nilikubali 140, sikukubali 200. Ile ni malalamiko ingine kabisa na ina nguvu, juu kikaratasi cha 140 kinaonesha kiasi chenye ulikubali. Usichanganye zote mbili ku fomu, banki itakukatalia kwa kosa ya neno.

Na karte isikale ku kontwari tena. Mutu mwenye iko nayo dakika 5 tu anaweza kuandika namba ya mbele, tarehe, na zile namba 3 za nyuma, na zile zinatosha kununua vintu ku intaneti fasi zingine bila kode. Kwa hiyo ile karte yako, Yaya, tungeifunga na kulomba ingine, ata kama 200 inarudia. Bakilomba garanti, weka makuta mukononi na balete resi, ao lipa kila mara chupa zinafika. Mukitembea Afrika Kusini ao Marekani mutakuta kushika karte ni kawaida, na Marekani kikaratasi kinakuja na mustari mweupe wa kuongeza bakshishi kisha sinyature: usiuache mweupe, andika kiasi ao piga mustari, na jumla iandike mwenyewe, juu ile mustari mweupe mutu anaweza kuujaza ukisha kutoka.

Nililipa 85000 na M-Pesa ku namba ya serveze juu alisema ya bar "haina reseau". Kisha patron akatufuata ku parking akisema hajapata kitu. Tulipe mara mbili? (Kijana wa Kenya)

Hapana. Muonesheni mesaji ya M-Pesa, iko na namba ya malipo, saa, kiasi na jina ya mwenye kupokea. Muko mulilipa mutu wake, mwenye alimutuma ku meza yenu, saa ya kazi, mu bar yake, kwa fakture yenye yeye mwenyewe alileta, na kukosana kwao ni kwao. Lakini mwite serveze pale pale, mbele yenu, musikubali "tutamuuliza kesho", juu kesho anaweza kusema mulikuwa munamulipa deni yake. Na mesaji musiifute, ni ile njo karatasi yenu.

Siku ingine lipeni paka ku namba yenye imeandikwa ku ukuta ao ku kontwari, ikuwe M-Pesa, Airtel Money ao Orange Money, na musome jina mbele ya kutia kode. Jina ikiwa ya mutu na si ya bar, ulizeni patron. Na mulombe pia bei ya dola ya bar mbele ya kukunywa, si kisha, juu fakture mingi zinaandikwa mu dola na kugeuzwa mu franka kwa bei yenye hakuna mutu aliisikia. Fakture yenye inaongeza TVA (impo ya mauzo) ya 16% chini, ulizeni: iko na namba ya impo na RCCM (namba ya kuandikisha biashara)? Kama hakuna, ile 16% inaenda mu mufuko ya nani? Lipeni bei yenye mulielezwa.

Mi ni serveze ku Katuba. Munaongeaka kila mara bakliya banaibiwa, lakini sisi? Mwezi wenye ulipita meza 2 zilikimbia, na bengine balikatala chupa zenye balikunywa, patron akakata yote ku mushahara wangu, nikabakia na makuta ya juma moja na niko na batoto 2. Bandugu bangu banasema nisiongee juu nitafukuzwa. (Mama wa Katuba)

Mama, tumeweka barua yako mwisho juu inataka nafasi, na tunakushukuru kwa kuiandika. Kila mutu mwenye anasoma hii ukurasa na anaenda kukunywa posho hii inafaa ajue kama akikimbia na chupa 5, hakuibia kampani ya pombe wala patron. Ameibia mama wa batoto 2.

Kwa sheria: Code du travail, Loi 015/2002 ya tarehe 16/10/2002, iliandika makato yenye patron anaruhusiwa kufanya ku mushahara, na nje ya ile orodha hapana. Kusema "kliya alikimbia kwa hiyo ni weye" haikuwe kosa yako, kukimbia ni kosa ya mwenye alikimbia, na hatari ya biashara ni ya mwenye biashara. Ata kama haukupewa kontra ya kuandikwa, kama unafanya kazi kila siku chini ya amri yake na anakulipa, uko mufanya kazi na ile sheria inakuhusu. Inspection du travail iko Lubumbashi na kazi yake njo hiyo, kuita patron na mufanya kazi banaongea mbele mambo ifike ku tribinali.

Tunajua lakini kuenda kulalamika peke yako kunaogopesha, na bandugu bako banasema kweli kama kufukuzwa kunawezekana. Kwa hiyo anza na kuandika. Nunua kaye yako mwenyewe, si ile ya bar, na kila usiku mbele ya kutoka andika tarehe, chupa zenye ulibeba, makuta yenye ulitoa, na kiasi chenye patron alikata na kwa sababu gani. Mulombe atie sinyature ku makato. Akikatala, andika kama alikatala na nani alikuwa pale. Fanya hivi miezi 2 ao 3. Kisha ongea na baserveze bengine, juu hawezi kufukuza nyote 4 siku ya posho, na muende pamoja mumuombe jambo moja ndogo tu kwanza: kila chupa ilipwe saa inafika ku meza. Bar zenye zinafanya vile hazina meza zenye kukimbia, hazina kliya wa kukatala, na patron mwenyewe anashinda. Mwambie ni faida yake, juu ni kweli.

Kwa meza zenye hamuwezi kulomba makuta mara moja, kliya mukubwa ao kundi ya matanga, leta kikaratasi kila kisha chupa 4 ao 5, uweke mbele ya mwenye kuagiza, umuonyeshe namba, atie alama na biki. Si kumukosea heshima. Sema, "Papa, tumefika 5, ni sawa?" Mutu wa haki atasema ndiyo bila kukasirika. Na vifuniko viache ku meza, usivitoshe, ata bakikuomba usafishe. Makato yakiendelea hata na hayo yote, enda ku Inspection na ile kaye, lomba kuongea na inspektere asubui, na beba pia karatasi yoyote yenye jina ya bar: bon, fakture, ata mesaji ya patron yenye inasema "leo uje saa 10". Ile mesaji inaonesha kama uko kazini kwake.